Data ya shuleni hukaguliwa jioni ileile

Katika kusimamia ukusanyaji wa data za utafiti wa elimu, kazi ninayoipa uzito kuliko zote ni ukaguzi wa jioni. Siku tatu zikipita, timu imeshahamia shule nyingine na mdodosaji ameshachanganya sura za watoto; ukimuuliza kwa nini umri umeandikwa 41, atakisia tu.

Lakini data inaweza kuharibika hata kabla ya mtoto wa kwanza kuulizwa swali, pale wanafunzi wanapochaguliwa. Ukimwachia mwalimu achague, atakuletea wanaojua kusoma, tena kwa nia njema. Mgeni akija, mkeka unaotandikwa ni ule mpya. Kwa hiyo mdodosaji anahesabu waliopo siku hiyo, anawapanga mstari, kisha anagawanya. Wakiwa 48 na anahitaji 12, anachukua kila wa 4, akianzia namba kati ya 1 na 4 iliyochaguliwa na kishikwambi, si na yeye. Idadi ya waliosajiliwa nayo inaandikwa kando ya waliopo. Watoro mara nyingi ndio walioachwa nyuma kimasomo, na mchambuzi asipojua walikuwa wangapi, shule itaonekana bora kuliko ilivyo.

Jaribio la kusoma kwa sauti la sekunde 60 linahitaji mkono mwepesi. Saa inaanza mtoto anapotamka neno la kwanza, si mdodosaji anaposema "anza". Mtoto akikwama sekunde 3, anaonyeshwa neno linalofuata na lile la nyuma linahesabiwa kosa. Akijisahihisha mwenyewe, amepata. Wakati wa mafunzo wote wanasikiliza rekodi moja ya mtoto akisoma, kila mmoja anaweka alama, tunalinganisha na majibu sahihi. Asiyefikisha asilimia 90 anarudia, na akishindwa tena nampa kazi nyingine. Bila hivyo, tofauti kati ya wadodosaji itasomeka kama tofauti kati ya shule.

Jioni fomu zikishafika kwenye seva, kwanza nalinganisha idadi yake na orodha ya msimamizi wa timu, kisha natafuta namba za wanafunzi zilizojirudia. Baada ya hapo natazama mdodosaji mmojammoja: muda wa kila mahojiano, wastani wa alama anazotoa, na idadi ya "hapana" kwenye maswali yanayofungua maswali mengine. Hapo ndipo uvivu unapojificha. Aliyechoka hugundua upesi kwamba mzazi akijibu "hapana" kwenye "Je, mtoto ana vitabu nyumbani?", maswali matano yanarukwa. "Hapana" zake zikizidi kila wiki wakati za wenzake zimetulia, msimamizi anakaa naye kwenye mahojiano yanayofuata.

Takriban asilimia 10 ya kaya hurudiwa na mtu mwingine, kwa maswali machache yasiyobadilika: umri wa mtoto, darasa, idadi ya ndugu. Alama za kusoma hazirudiwi hivyo, maana mtoto ameshakiona kifungu. Kwa hizo, wadodosaji wawili humsikiliza mtoto mmoja kwa wakati mmoja, kila mmoja na kishikwambi chake.

Faili la data ghafi haliguswi. Masahihisho yanaingia kwenye jedwali la pembeni: namba ya fomu, jibu la awali, jibu jipya, sababu, na jina la aliyethibitisha. Safu ya sababu ikiwa tupu, sahihisho nalikataa.