Mradi wa sungura, apdeti: kutulia na kuganda sio kitu kimoja

Haya jamani, daftari la Chumvi na Mdalasini linaendelea. Kwa aliyechelewa, nafuga sungura wawili, ndo hao Chumvi na Mdalasini, hapa Fuoni, Zanzibar, sio wa kitoweo, wa kukaa nao tu, na mradi wenyewe ni kuwasoma miili yao mpaka nijue lini wametulia kikweli na lini wanajikaza tu. Maana sungura ni windo la kila mtu, paka, mbwa, mwewe, kwa hiyo akiogopa mara nyingi hapigi kelele, anaganda pale pale, na mtu akimtizama anasema masikini kapoa huyu.

Kitu cha mwanzo naangalia pua. Akiwa macho inacheza muda wote, akipumzika inapunguza mwendo, akilala inakaribia kusimama kabisa. Ila akishtuka sana nayo inaweza kusimama ghafla, ndo maana pua peke yake haitoshi, natizama na mwili. Chumvi akitulia anakaa kama mkate wa mofa, miguu ya mbele kaificha chini ya kifua, masikio kayalaza yamelegea, macho nusu. Akiogopa pia masikio yanalala lakini yanabana mgongoni, macho yanatoka mpaka weupe unaonekana, na ukimgusa unakuta mgongo mgumu kama ubao.

Juzi alaasiri Chumvi kajibwaga. Alikuwa anajisafisha tu, mara kajitupa ubavu puu, miguu ya nyuma kainyoosha, tumbo nje. Bi mkubwa alikuwa anapita na sinia la mchele, akasema "Inna lillahi, mwanangu sungura wako kafa!" Nikamwambia hajafa mama, hapo ndo karidhika haswa, sungura mwenye wasiwasi hawezi kulala hivyo maana kuinuka kukimbia kutamchelewesha. Hajaniamini mpaka Chumvi kafungua jicho moja.

Mdalasini bado mzito kutulia. Paka shume akipita dirishani anapiga mguu wa nyuma chini, du, na mwenzake anaganda hapo hapo hata kama yeye hajamuona paka. Lakini nikimkuna katikati ya macho kwenda juu ya paji anasaga meno taratibu, kisauti kidogo sana, unakihisi mkononi kuliko kukisikia, hiyo ni raha. Akisaga kwa nguvu huku kajikunyata na chakula hataki, hayo maumivu, na sungura akikata kula nusu siku tumbo linaweza kuacha kufanya kazi, usingoje kesho, daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Kuna hili la video nalo, mtoto wa dada kaiona huko, kaja kaniambia mjomba sungura ukimlaza chali analala mwenyewe. Halali! Ule ni woga, mwili unazima kama yuko mdomoni mwa adui. Nimemkataza, kanuna, basi anune.

Joto la kaskazi ndo linanichanganya zaidi, kwa sababu sungura aliyenyooka kwenye sakafu ya simenti anaweza kuwa kastarehe au kazidiwa, na umbo ni lile lile. Sungura hatoi jasho kama sisi, joto linatokea zaidi masikioni, kwa hiyo nagusa masikio na natizama mbavu. Pumzi za taratibu, mwache alale. Mbavu zikienda mbio, masikio ya moto, au kaachama mdomo, hapo hatari. Umeme ukikatika feni hamna, naweka chupa ya maji ya barafu nimeizungusha kanga kuukuu, wenyewe wanakuja kuiegemea.

Wiki hii nataka kumtengenezea Mdalasini boksi lenye milango miwili, aingie huku atokee kule, paka shume akija awe na pa kupita. Na mkono naanza kumpelekea kwa ubavuni, kwa sababu mbele ya pua yake pale haoni, mkono ukitokea hapo kwake umetoka hewani.