Flapu za kutua: mwanafunzi ataje sababu kabla ya kugusa wenzo

Wanafunzi wengi wa urubani hukaririshwa flapu, vile vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, kama wimbo: digrii kumi ukiwa mkabala wa mwanzo wa njia ya kutua, ishirini kwenye besi (kipande cha kukatiza kuelekea njia), thelathini fainali (kipande cha mwisho, njia ikiwa mbele). Wimbo huo unakubali hadi siku mnara wa kuongoza ndege unaposema refusha daunwindi (kipande kinachokwenda sambamba na njia kabla ya besi), kuna ndege mbele yako. Mwanafunzi anashusha ishirini palepale alipozoea, uwanja bado uko mbali, kisha anaongeza moto wa injini kupambana na ukinzani aliouleta mwenyewe.

Dawa yake ni kumtaka aseme kwa sauti kabla mkono haujafika kwenye wenzo wa flapu: kasi ni ngapi, niko juu au chini, kwa hiyo nataka nini. "Themanini, niko juu kidogo, ishirini." Akishindwa kutaja sababu, wenzo usiguswe.

Kasi kwanza. Kwenye Cessna 172S, ndege ndogo ya injini moja, digrii 10 zinaruhusiwa kuanzia noti 110 (noti ni maili moja ya baharini kwa saa) kushuka chini. Flapu zikizidi digrii 10, kasi ya mwisho ni noti 85, pale upinde mweupe wa kipimo cha kasi unapokomea. Digrii 10 za mwanzo huongeza zaidi nguvu ya kuinua. Za mwisho huleta zaidi ukinzani, ndiyo maana ndege hushuka kwa mteremko mkali bila kasi kupanda, na pua ikiinama njia inaonekana vizuri.

Kosa linalojirudia ni lile la sekunde chache baada ya wenzo kushuka. Pua inanyanyuka, ndege inapanda futi kadhaa, kasi inayeyuka, na mwanafunzi bado anatazama wenzo. Mfundishe kusukuma usukani kidogo wakati flapu zikiwa bado zinatembea, ashike pua pale anapoitaka, asubiri kasi itulie, ndipo atrimu, yaani arekebishe gurudumu la kuondoa uzito mkononi. Akitrimu mapema atatrimu mara tatu.

Akiwa chini ya mteremko sahihi wa kutua, asiongeze flapu, na asizipandishe akidhani ndege itafika mbali zaidi. Ndege ikipoteza nguvu ya kuinua ghafla karibu na ardhi, itazama. Jibu ni nguvu za injini.

Upepo wa ubavuni ukiwa mkali, tumia flapu chache kadiri urefu wa njia unavyoruhusu. Ukilazimika kuteleza kiubavu ili ushuke, epuka kufanya hivyo kwa mtelezo mkali flapu zikiwa zimepita 20, kwa kuwa elevata (kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua) inaweza kuanza kuyumba.

Kughairi kutua ndiko kunakodai mazoezi mengi kuliko yote. Throto (wenzo wa nguvu za injini) hadi mwisho, zuia pua isiruke juu, flapu 20 mara moja. Kasi ikifika noti 60 na ndege inapanda, 10. Vizuizi vikishapitwa, sifuri. Anayezipandisha zote kwa mkupuo akiwa na noti 50 anaikaribia stoli, yaani mabawa kupoteza nguvu ya kuinua, kwani bila flapu 172S huingia stoli kwenye noti 48 hivi, na flapu zikiwa zimeshushwa zote, noti 40. Pale Wilson, Nairobi, uwanja uko futi 5,546 juu ya usawa wa bahari. Siku ya nyuzi 26 hewa ni nyepesi kama ya futi 8,000 na ushei, injini haitoi nguvu zake zote, na ndege yenye flapu 30 karibu haipandi kabisa. Mafuta kwenye mchanganyiko wa mafuta na hewa yawe yameshapunguzwa kabla ya fainali, maana pale chini hakuna muda wa kuyarekebisha.

Mwisho, mzoeze kutua bila flapu. Mota ya flapu ni ya umeme na inaweza kugoma, kwa hiyo kila mara ageuze shingo azitazame flapu zenyewe dirishani, asiuamini wenzo peke yake. Kasi ya kukaribia iwe noti 65 hadi 75 badala ya 60 hadi 70, daunwindi iwe ndefu kidogo kwa sababu mteremko ni mlegevu, na ahesabu njia ndefu zaidi kwa asilimia 35. Ndege itaelea, aiache ielee, asiisukumize ardhini.