Kumbukumbu ya mradi: kusaka faiawoli zinakoweka mipangilio yake

Mradi wenyewe ni huu: skripti moja inazungukia faiawoli zote za maabara yangu (mashine zinazochuja trafiki ya mtandao) kila usiku, inakusanya mipangilio na kuitia kwenye hazina ya Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mafaili. Kuandika skripti si kazi. Kazi ni kujua kila mashine inaweka vitu vyake wapi.

pfSense na OPNsense, mifumo miwili ya faiawoli, zimenirahisishia. Zote zimerithi tabia ya m0n0wall, faiawoli ya zamani zilikotokana: kila kitu, kuanzia sheria za trafiki hadi watumiaji na vyeti, kimo kwenye faili moja, /conf/config.xml, na matoleo ya nyuma yako /conf/backup. Kwenye mashine hizo utakutana pia na faili la /tmp/rules.debug, lenye sheria kama pf, kichujio chao cha trafiki, inavyozisoma. Hilo ni la kutazama tu. Mfumo hulizalisha upya kutoka kwenye XML, kwa hiyo kulihariri ni kutwanga maji kwenye kinu.

XML ina kero yake. Kila ukihifadhi, sehemu ya <revision> inabadilika: saa, jina la mtumiaji, maelezo mafupi. Git inaona mabadiliko hata kama hakuna sheria iliyoguswa. Skripti sasa inairuka sehemu hiyo wakati wa kulinganisha, ila faili linahifadhiwa zima. Zito zaidi ni <prv>, funguo za siri za vyeti. Zimeandikwa kwa base64, njia ya kugeuza data kuwa herufi za kawaida, na base64 haifichi chochote. Yeyote anaifungua kwa amri moja. Ndiyo maana kila nakala inasimbwa kabla ya kuondoka kwenye mashine yangu.

OpenWrt, mfumo wa ruta, ina folda, /etc/config, yenye faili la firewall, la network, la wireless na mengine. Mafaili mafupi, yanasomeka vizuri; kwa macho yangu ndiyo masafi kuliko yote. Lakini ukitumia uci set, amri yake ya kubadilisha mipangilio, badiliko linasubiri kwanza /tmp/.uci, yaani kwenye RAM, mpaka utoe uci commit, amri ya kulihifadhi. Umeme ukikatika kabla ya hapo, limepotea.

Hapo ndipo mradi ulipobadilika sura. Nilianza nikiuliza faili liko wapi, kumbe swali la pili ni kama faili hilo ndilo linalofanya kazi sasa hivi. VyOS, mfumo mwingine wa ruta na faiawoli, ina /config/config.boot, lakini amri ya commit inatekeleza tu; bila amri ya save, faili halijui lolote. Cisco ASA, faiawoli ya kampuni ya Cisco, nayo ina running-config (mipangilio inayofanya kazi sasa) kwenye RAM na startup-config (inayosomwa mashine ikiwaka) kwenye flashi, na kiungo kati yao ni amri ya write memory. Kwa mashine za aina hii skripti inachukua pande zote mbili, na zikitofautiana inanipigia kelele.

MikroTik, ruta zinazotumia mfumo wa RouterOS, haina faili la maandishi la kunakili. Mipangilio iko kwenye hifadhidata yake. Natumia amri ya /export, inayoitoa kama maandishi, na kwenye RouterOS 7 naongeza show-sensitive, la sivyo nywila hazitoki. Mstari wa kwanza una tarehe, nao nauruka.

Kinachofuata ni kurejesha. Nitapakia config.xml ya pfSense kwenye mashine pepe tupu. Kadi za mtandao zilizoitwa igb0 na igb1 huko zitakuwa vtnet0 na vtnet1, kwa hiyo WAN (upande wa intaneti) na LAN (upande wa ndani) itabidi zipangwe upya kwa mkono, au skripti ibadilishe majina hayo kabla ya kupakia. Naelekea kwenye hilo la pili.