Pampu mbili za upepo, moja niliigawa

Kilichonifanya ninunue pampu ya umeme hakikuwa pancha, ilikuwa spea. Asubuhi moja nilikuta tairi la nyuma kushoto limelala. Nikasema haidhuru, spea ipo. Nikapiga jeki, nikafungua nati, nikafunga spea, nikashusha gari, na spea nayo ikabonyea huku naiangalia. Tangu ninunue gari lile sikuwahi kuipima upepo hata siku moja. Nikabaki nimeshika spana, nina matairi mawili na hakuna hata moja la kunifikisha kwa fundi.

Wiki hiyohiyo nikanunua pampu, na nikainunua vibaya. Boksi lilijigamba kwa maandishi makubwa kwamba inafika PSI 150, yaani kipimo cha shinikizo la upepo, nami nikadhani hiyo ndiyo nguvu yenyewe. Gari langu linataka PSI 33 tu! Ile 150 haisemi chochote kuhusu muda. Tairi la gari dogo lina nafasi ya lita 30 hivi ndani yake, kwa hiyo cha kuangalia ni pampu inasukuma lita ngapi za hewa kwa dakika. Namba hiyo kwenye boksi langu haikuwapo, na siku hizi nikiona haipo huwa narudisha kitu mahali pake.

Pampu ile ilikuwa na uzito wa kopo la maziwa na kelele za mashine ya kusaga. Kuongeza upepo kidogo iliweza. Kujaza tairi lililokwisha kabisa ilikuwa adhabu: maelekezo yalitaka ifanye kazi dakika 10 kisha ipumzike, kwa hiyo tulikuwa tunapokezana, inafanya kazi, inapumzika, nami nimechuchumaa kando yake kama nauguza mgonjwa. Kichwa cha mpira wake kilikuwa cha shaba, cha kuzungusha kwenye valvu, na baada ya dakika zote hizo kilikuwa cha moto kiasi cha kuunguza vidole. Ukikifungua kwa woga, polepole, sehemu ya upepo ulioutafuta kwa jasho inakutoka hivihivi.

Ya pili niliichagua kwa mambo ambayo ya kwanza ilinifundisha. Waya wake unafika tairi la mbali kabisa bila kuvutwa. Unaiwekea kipimo unachotaka, ikifika inajizima. Ina taa, jambo nililoliona la kitoto mpaka nilipoihitaji usiku. Na kabla ya kulipa nilisoma inakula ampea ngapi, kisha nikafungua kitabu cha gari kuona fyuzi ya soketi ya kuwashia sigara, ambamo pampu huchomekwa, ni ya ngapi. Fyuzi hizo mara nyingi ni za ampea 10 au 15, na pampu nyingi za aina hii zinagusa kiwango hichohicho. Zile kubwa zaidi huja na vibanio vya kubana moja kwa moja kwenye betri, kwa sababu soketi haiwezi kuzibeba.

Hilo la fyuzi kaka yangu alilipuuza. Aliazima pampu yangu, akaichomeka kwenye gari lake huku simu yake inachajiwa hapohapo, ikanguruma kidogo ikanyamaza. Akanipigia: "Mdogo wangu, pampu yako imekufa mikononi mwangu." Haikuwa imekufa, fyuzi ndiyo iliyokatika. Tulibadilisha fyuzi, kwa nyingine ya ampea zilezile. Alitaka kuweka kubwa zaidi "ili isisumbue tena", nikamkatalia, maana hapo waya ndio utakaoungua badala ya fyuzi.

Sasa, kama nilinunua nikiwazia ajali ya njiani, matumizi halisi yalikuja kuwa mengine kabisa. Pampu hii naitumia nyumbani, asubuhi, kabla gari halijatembea. Matairi hupimwa yakiwa baridi, yaani gari limesimama saa tatu au zaidi. Zamani nilikuwa napima nikiwa nimeshaendesha, tairi limepata moto na upepo umepanda, narudi nimeridhika kumbe napungukiwa. Hata hali ya hewa inachangia: joto likishuka kwa nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, shinikizo linashuka kwa karibu PSI 1. Kipimo sahihi kipo kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Ile namba iliyochongwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi lenyewe, msijaze kwa kuifuata hiyo.

Kwa kupima mara moja kwa mwezi ndipo niligundua tairi moja la mbele linapoteza upepo zaidi ya wenzake. Kulikuwa na msumari mdogo umejificha kwenye mifereji. Sikuuchomoa, kwa sababu wenyewe ndio uliokuwa umeziba tundu. Nikajaza upepo, nikaendesha taratibu hadi kwa fundi, akauchomoa kwa koleo akacheka: "Ungekuja kesho ungekuja kwa miguu, bosi." Kwangu mimi pampu ilijilipa siku ile.

Kuna ambayo haiwezi, na wauzaji hawayasemi. Tairi lililochanika ubavuni hata uwe na pampu ya aina gani halijai. Tairi lililotoka kwenye rimu pia, maana linahitaji hewa nyingi ya ghafla ili likae, na hizi zetu zinapuliza kwa adabu mno. Na ukishaliendesha tairi likiwa tupu, ukuta wake unaweza kuwa umesagika kwa ndani, hata likikubali upepo bado si la kuaminiwa.

Zile za kuchaji zisizo na waya nimezitumia, za jirani. Ni nyepesi, hazina habari ya fyuzi, na kwa kuongeza upepo mdogo zinapendeza sana. Lakini ya jirani ilikaa miezi ndani ya buti, juani, na siku aliyoihitaji haikuwa na chaji. Mimi nabaki na ya waya. Huwa nawasha injini wakati inafanya kazi ili nisimalize betri, ila kamwe si ndani ya gereji iliyofungwa. Moshi wa gari unaua bila hata kunusika vizuri.

Jambo moja tu nililikosa: kipimo cha pampu yangu kinadanganya kwa PSI 2, kinasoma juu. Nilijua baada ya kununua geji ndogo ya mkononi, na sasa nikitaka 33 naiwekea 35, kisha nahakikisha kwa geji.

Ile ya kwanza nilimpa kijana mwenye pikipiki, na kwa tairi la pikipiki inamtosha kabisa. Spea yangu nayo niliisoma vizuri kwa mara ya kwanza. Ni ile nyembamba ya dharura, na hii ubavuni imeandikwa kabisa ijazwe PSI 60, karibu mara mbili ya matairi mengine. Sasa kila mwezi naanza na yenyewe.