Shazia, uzi na presha 30: nilivyoimaliza King Alfred's Way

Ushauri mbaya kuliko wote niliopewa kabla ya kuizunguka King Alfred's Way, njia ya baiskeli ya kusini mwa Uingereza, ulitoka kwa muuzaji mmoja wa baiskeli: Uingereza ni nchi ya lami, funga tairi jembamba, jaza upepo mpaka liwe gumu, utateleza tu. Nikamsikiliza. Machi nikaondoka Winchester na matairi ya milimita 32, presha 70 (kwa kipimo cha psi), madigadi mbele na nyuma. Siku ya pili jioni nilikuwa kwenye treni ya kurudi nyumbani, hata nusu ya njia sijafika. Juni nilirudi na vifaa tofauti, nikaufunga mzunguko wote wa kilomita 350 kwa siku tano. Naandika kwa sababu bado nakutana na watu wanaopewa maneno yaleyale ya yule muuzaji.

Cycling UK, chama cha waendesha baiskeli cha Uingereza, ndio walioitangaza njia hii mwaka 2020, lakini hawakuichonga upya. Waliunganisha njia za kale zilizokuwepo: Winchester, mji wa mfalme Alfred wa Wessex, ufalme wa kale wa kusini mwa Uingereza, aliyetawala kuanzia 871 hadi 899, Salisbury, Stonehenge, Avebury, halafu Ridgeway, njia ya mgongoni mwa vilima ambayo watu wameipita kwa maelfu ya miaka, mpaka mto Thames pale Streatley, Reading, Farnham, kisha South Downs Way kurudi Winchester. Izunguke kwa kufuata mwendo wa saa. Upepo wa kawaida kule hutoka kusini-magharibi, kwa hiyo Ridgeway yote unasukumwa mgongoni. South Downs utaukabili usoni, lakini kufikia hapo miguu imeshazoea.

Kinachotawala kila kitu ni chaki. Vilima vile ni mwamba wa chaki, mweupe na laini, na ndani yake yamelala mawe ya gumegume. Chaki huliwa na mvua, gumegume haliliwi. Linabaki juu ya njia, na likipasuka linatoa makali kama ya wembe, ndiyo maana watu wa zama za mawe walilichongea visu. Chaki kavu ni nzuri kupita barabara nyingi za lami mbovu. Chaki mbichi ni sabuni, na ikichanganyika na udongo inageuka kitu kingine kabisa.

Hicho kitu kingine ndicho kilichonirudisha Machi. Mvua ilinyesha usiku kucha kabla sijapanda vilimani kutoka Avebury. Kilomita ya kwanza tope lilikuwa jepesi kama uji. Ya tatu likawa kama ugali unaokaribia kuiva: linashika tairi, linazunguka nalo, linajikusanya chini ya digadi. Kati ya tairi na digadi palikuwa na nafasi ya milimita 6 hivi. Ikajaa, gurudumu likasimama. Nikakwangua kwa kijiti, nikaenda mita mia mbili, likasimama tena. Mara ya nne nikaona nikikanyaga kwa nguvu litajisukuma lenyewe litoke. Halikutoka. Tope na majani yalikuwa yamekaba kibadilisha gia cha nyuma, cheni ikakivuta, na kile kipande kidogo cha alumini kinachokishikilia kwenye fremu kikakatika. Kipande hicho hutengenezwa makusudi kiwe dhaifu, kivunjike chenyewe ili fremu ipone. Ubaya wake ni kwamba kila fremu ina umbo lake, kwa hiyo usitegemee kukipata kwenye duka la kwanza utakaloliona. Nilisukuma baiskeli kutoka Barbury Castle, ngome ya kale kule vilimani, mpaka stesheni ya Swindon. Tangu siku hiyo nabeba cha akiba. Kina uzito wa sarafu chache tu.

Juni nilifunga matairi ya milimita 45 yasiyo na tyubu, yenye dawa ya kuziba ndani, kama mililita 90 kila moja. Bei yake, pea moja, ni kama pauni mia na kitu. Nina kilo 78, na mzigo kidogo: presha 30 nyuma, 27 mbele. Ukiwa mzito zaidi ongeza mbili tatu. Ukizidisha sana tairi linagongana na gumegume badala ya kulizunguka, na hapo ndipo linapokatika. Madigadi niliyang'oa. Acha nafasi ya angalau milimita 10 kati ya tairi na uma. Pedi za breki funga zile za chuma, na pea nyingine mfukoni, maana uji wa chaki husaga pedi laini kama msasa. Kwenye cheni paka nta au mafuta makavu. Mafuta mazito hushika vumbi la chaki na kulifanya dawa ya kusagia meno ya gia.

Tope likikushika hata hivyo, usikwangue. Toka kwenye nyayo za magari, ingia kwenye majani marefu ya pembeni yaliyolowa, endesha taratibu. Majani yanafuta tairi bila wewe kushuka. Na usiku osha baiskeli kabla chaki haijakauka, kwa sababu ikikauka ni saruji.

Gumegume lilinipata hata kwa matairi mapana, karibu na Wayland's Smithy, kaburi la mawe lenye zaidi ya miaka 5,000. Mkato wa milimita 12 ubavuni mwa tairi la nyuma. Dawa ilirushwa nje kama maziwa. Nikasokomeza utambi wa kuzibia, ukakaa dakika tatu ukatoka, kwa sababu ubavu hujikunja kila gurudumu linapozunguka na utambi hauna pa kushika. Nikaweka tambi mbili. Zikatoka zote mbili, na tundu likazidi kupanuka. Kama una mkato wa ubavuni unaopita milimita 6, usipoteze tambi zako, shona.

Ndiyo, shona, kama fundi viatu. Nilikuwa na shazia ndogo na uzi wa nailoni wa kusafishia meno, ule wenye nta. Vyote havifiki pauni tano. Vua upande mmoja wa tairi, futa dawa yote kuzunguka mkato, ndani na nje, kaushe kabisa. Toboa milimita 3 kutoka ukingo wa mkato, si karibu zaidi, la sivyo uzi utachana mpira. Pitisha mshono wa msalaba, kila mshono milimita 2 kutoka kwa mwenzake. Mimi nilipata saba. Vuta mpaka kingo zigusane, usivute mpaka zipandane, kwani hapo tairi litakuwa na kifundo na litapiga kila mzunguko. Sindano ikikataa kupenya, isukume kwa upande bapa wa ufunguo, siyo kwa kidole gumba. Kisha piga msasa kwa ndani, paka gundi ya kiraka, subiri ipoteze mng'ao, bandika kiraka kikubwa juu ya mishono ili uzi usisugue tyubu, maana sasa tairi hili litahitaji tyubu ndani.

Hatua inayosahauliwa ni hii: kabla hujaweka tyubu, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi zima. Tairi lenye dawa linaweza kubeba miiba kumi bila wewe kujua, kwa kuwa dawa iliziba kila tundu. Tyubu haina dawa. Mwiba wa kwanza unaitoboa. Mimi nilitoa miiba minne ya ua na kipande cha gumegume. Ng'oa valvu ya zamani, ingiza tyubu, jaza presha 20, angalia mshono kama unavimba, kisha panda mpaka 30. Saa moja na nusu ilipita. Kutoka hapo mpaka Winchester ni zaidi ya nusu ya safari.

Maji huko juu hakuna, na sababu ni ileile chaki: mvua inazama moja kwa moja, inatoka chini mahali mwamba unapokutana na udongo usiopitisha maji. Vijiji vyote vimejipanga kwenye mstari huo wa chemchemi, Ashbury, Uffington, Letcombe, na kila ukishuka kunywa utapanda tena. Beba lita 2 na nusu. Kuna bomba pale Hill Barn, kati ya Uffington na Segsbury. Jaza hata kama chupa haijaisha.

Ramani: usifuate tu mstari wa simu. Mtu alinitumia faili lililoendelea na Ridgeway ng'ambo ya Thames mpaka Ivinghoe Beacon, wakati sehemu kubwa ya upande ule ni njia za miguu, na baiskeli haina haki humo. Kwenye ramani za Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, za 1:25,000, vistari vifupi vya kijani ni njia ya miguu, vistari virefu ni njia ya farasi. Njiani tazama mshale: wa njano ni wa waendao kwa miguu, wa buluu unaruhusu farasi na baiskeli, wa zambarau na mwekundu pia zinakuruhusu. Sheria ya 1968 ndiyo iliyotupa njia za farasi, kwa sharti kwamba tuwapishe wenye miguu na wenye farasi. Ukimfikia farasi kwa nyuma piga hodi kwa sauti ya kawaida ukiwa bado mbali. Baiskeli iliyo kimya humshtua. Sauti ya mtu anaitambua.

Pale Stonehenge, mduara wa mawe makubwa ya kale, si lazima uwe na tiketi ili kuyaona mawe: njia ya wote inapita magharibi mwake, karibu vya kutosha kuyahesabu. Mbele yake ni Salisbury Plain, uwanja wa mazoezi ya jeshi. Bendera nyekundu ikipepea, usiingie, hata kama njia inaonekana tupu.

Baada ya Farnham ardhi inageuka mchanga. Hapo nilishusha presha mpaka 26 na kukaa nyuma kwenye tandiko. Pale Hindhead unapita juu ya barabara kuu ya zamani, iliyorudishwa kwa majani baada ya handaki kufunguliwa 2011. Kisha Butser Hill, mwinuko wa nyasi tupu ambao niliupanda nikisukuma baiskeli bila kubishana, na upepo usoni mpaka Winchester.

Nyumbani nililivua lile tairi. Mishono saba yote imeshika, kiraka hakijanyanyuka pembe. Bado linatembea.