Hewa Kwenye Mgongo wa Chai

Mvua za El Niño zilipoingia mwishoni mwa 1997, nilikuwa na miezi mitatu tu kazini. Nilikuwa fundi bomba kijana, cheti cha chuo cha ufundi bado hakijakunjika, kwenye kituo kidogo cha utafiti wa mbu katika milima ya Usambara Mashariki, juu ya Muheza. Nyumba chache za bati, jenereta moja, na tangi la zege lililokaa kwenye kilima chake. Pampu hatukuwa nayo. Maji yalitoka kwenye kijito msituni, kama kilometa mbili kutoka kwetu, yakaja yenyewe ndani ya bomba la chuma la inchi mbili: yanashuka bonde la kwanza, yanapanda mgongo wa shamba la chai, yanashuka tena bonde la migomba, kisha yanapanda hadi tangini.

Usiku mmoja wa Desemba kijito kilifurika. Asubuhi mabomba yote ya kituo yalikuwa makavu.

Nilipanda hadi chanzoni nikakuta wavu wa mdomo wa bomba umefunikwa na majani na matope, hata tone halipiti. Nilisafisha kwa mikono, nikahakikisha maji yanaingia kwa nguvu, nikateremka nikiwa na hakika kazi imekwisha. Tangini hakukuwa na kitu. Nikangoja saa moja, mbili, nne. Hakuna kitu.

Mgeni angedhani maji ya kituo ni ya kuoga na kupikia. Kwetu yalikuwa ya mbu kwanza. Tulikuwa na chumba cha kufugia Anopheles, wale wanaoambukiza malaria, na mama aliyekitunza alijua kila beseni la viluwiluwi kama mtu anavyojua vifaranga vyake. Viluwiluwi hawataki maji yenye dawa, ndiyo maana kijito kile kilikuwa na thamani. Na mbu wazima wanataka chumba chenye joto na unyevu mwingi, kwa hiyo mataulo yaliyolowa yalining'inizwa humo mchana na usiku. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama wiki mbili au pungufu kidogo. Kizazi kimoja kikikatika, unarudi vijijini kukamata mbu wa porini na kuanza upya, na utafiti wa watu unasimama.

Siku mbili za kwanza tulikinga maji ya mvua kwenye michirizi ya bati. Mbu walipata ya kwanza, watu tukagawana yaliyobaki. Siku ya tatu mvua ikakata, jua likawaka kama si El Niño. Mama wa mbu alinijia karakana akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, leo yatafika?" Sikuwa na jibu, na jambo hilo lilinikosesha usingizi.

Kilichonichanganya ni hiki. Nilifungua bomba bonde la kwanza, maji yakaruka hadi kifuani. Nikalifunga, nikaenda bonde la migomba, nikafungua huko nako: maji yakatoka, tena hayakukoma. Nikafunga. Nikakimbia tangini. Kavu. Nikifungua bondeni, yanatoka. Nikifunga, hayapandi. Nilikagua kipande cha mwisho chote kutoka bondeni hadi tangini, nikakifungua soketi kwa soketi nikitafuta tope. Kilikuwa safi kama kimeoshwa.

Ndipo mkuu wa kituo alipotuma mtu kijijini kumwita mzee aliyekuwa fundi kabla yangu. Mzee yule alianza kazi akiwa kijana kule Amani, miaka ya 1950, wakati taasisi ya malaria ya Afrika Mashariki ilipokuwa imeshahamia kwenye majengo ya zamani ya Wajerumani. Alikuja jioni, panga mkononi, suruali imekunjwa hadi magotini.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ulipofungua kwenye migomba, yalitoka?"

"Yalitoka."

"Ulipofunga, yakakataa kupanda?"

"Yakakataa."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi twende kwenye chai."

Hakuomba kuona tangi wala chanzo. Tulipanda mgongo wa shamba la chai, yeye mbele, akigonga bomba kwa mpini wa panga kila lilipojitokeza ardhini. Upande wa kupanda lilijibu du, du, sauti nzito. Tulipovuka kilele na kuanza kushuka, sauti ikabadilika, ikawa nyembamba, inalia kama sufuria tupu. Akarudia mara tatu ili nisikie mwenyewe. "Hapa hakuna maji. Hapa kuna hewa."

Alinieleza akichora kwenye tope kwa ncha ya panga, na mpaka leo sijapata mwalimu aliyeliweka wazi kuliko alivyoliweka yeye. Wavu ulipoziba, maji yalikatika, bomba likaingiwa na hewa. Mimi nilipouzibua, maji yakaja kwa pupa, yakavuka mgongo, yakateremka kama mchirizi mwembamba hadi bonde la migomba na kutuama pale. Hewa iliyokuwa kati ya kilele na bonde ikafungiwa. Sasa, ili maji ya bondeni yapande hadi tangini, mita kama 15 juu, yanahitaji kusukumwa kwa nguvu ya baa moja na nusu (baa ni kipimo cha shinikizo), maana kila mita 10 za maji kwenda juu ni karibu baa moja. Lakini chanzo chetu kimeupita mgongo wa chai kwa mita tano hivi tu. Nusu baa. Maji yanaisukuma hewa, hewa inayasukuma maji ya bondeni, na nguvu inaishia hapo. Nilipofungua kwenye migomba niliipa hewa mlango, ndiyo maana yalitiririka. Nilipofunga, nikaifungia tena ndani.

Kisha akaingia katikati ya mistari ya chai, akahesabu mashina, akaanza kufyeka na kuchimba. Chini ya udongo wa kina cha kiganja ilikuwepo yunioni, kiungo cha bomba kinachofunguka kwa spana, imeshika kutu. Niliipita mara nne siku zile bila kujua ipo. "Waliotandika bomba hili hawakuwa na vali ya kutolea hewa," alisema. "Waliweka hii."

Nilitia spana, nikalegeza robo duara. Bomba likapiga mluzi. Ulikuwa mluzi mrefu, wa juu, na mzee alisimama ameinamisha kichwa akiusikiliza. Ukaanza kukatika, ukachanganyika na mate ya maji. Nikataka kukaza. Akanishika mkono. "Usifunge. Bado inakohoa." Tukangoja hadi kikohozi kikaisha na maji yakatoka mfululizo, ya kahawia kwanza, kisha meupe. Nikaifungua kabisa kwa dakika chache, nikavisha uzi mpya wa katani uliopakwa rangi, nikakaza.

Giza lilikuwa limeingia tuliporudi. Kabla hatujaliona tangi tulilisikia: maji yanaanguka kwenye zege tupu, mngurumo unaosikika mbali. Mama wa mbu alikuwa amekaa chini ya ngazi ya tangi na taa ya chemli, mabeseni yake yamepangwa pembeni. Alimshika mzee mikono yote miwili, asiseme neno.

Kesho yake nilimwomba mzee tulitembelee bomba lote kutoka chanzoni, nikiwa na karatasi na penseli, kwa kuwa mchoro haukuwahi kuwepo na kila yunioni ya bomba lile ilikaa kichwani mwake. Ilituchukua siku tatu. Alipima kwa hatua zake, mimi nikaandika. Mwezi uliofuata tulifunga koki kwenye mgongo wa chai.