Shafti ya kulia ya IST: kumbukumbu ya wiki moja uani, Nzuguni

Jumapili jioni

Kwa wiki tatu gari letu, Toyota IST, limekuwa likilia ka-ka-ka-ka kila ninapokata kona kali kwenda kushoto. Nikinyoosha usukani, kimya. Mwanzoni nilidhani ni kijiwe kimenasa kwenye tairi, maana njia ya mtaani kwetu ni changarawe na vumbi tangu mvua zilipokatika Aprili. Lakini kijiwe hudondoka chenyewe. Mlio huu ulikuwa unakua. Mama watoto alishasema tangu wiki ya kwanza, "Hili gari linatafuna kitu." Alikuwa amepatia kuliko alivyojua.

Leo nimelipeleka kwenye uwanja mtupu, nikakunja usukani mpaka mwisho na kuzunguka polepole. Binti yangu wa kidato cha pili alitembea pembeni akisikiliza. Kwenda kulia hakuna kitu. Kwenda kushoto kelele tupu, naye akanyoosha kidole kwenye tairi la mbele la kulia. Ukikata kushoto, tairi la kulia ndilo linalopita njia ya nje na kuelemewa, kwa hiyo kiungo cha shafti ya upande huo, chuma kinachopeleka nguvu toka giaboksi hadi kwenye tairi, ndicho kinachopiga kelele.

Nyumbani nikachungulia nyuma ya tairi kwa tochi. Ndani ya rimu yote kumetapakaa grisi nyeusi iliyoshikana na vumbi. Raba inayofunika sivijointi ya nje, kile kiungo kinachopinda cha shafti upande wa tairi, imepasuka kwenye mkunjo mmoja, karibu mzunguko mzima. Grisi imerushwa nje, na vumbi la Dodoma limeingia kuchukua nafasi yake. Sijui limekaa humo miezi mingapi.

Jumatano, baada ya kazi

Nimezunguka maduka matatu ya spea. Njia zilikuwa tatu: kununua kiungo cha nje peke yake, kununua shafti nzima mpya isiyo na jina, au kuchukua shafti iliyotumika iliyotoka Japani, ya gari kama letu. Nimechukua ya tatu, na wapo watakaonishangaa. Kwangu, chuma cha awali kilichotunzwa na grisi yake ni bora kuliko chuma kipya ambacho sijui kilipikwa vipi. Ila sharti ukikague kabla hujatoa hela. Nilishika pande mbili za kiungo nikazinyonga huku na huku, nikihisi kama kuna mchezo. Nikakipinda kila upande. Kiungo cha ndani nikakisukuma na kukivuta kuona kama kinateleza bila kukwama. Halafu nikahesabu meno ya pande zote mbili na kuyalinganisha na ya gari, nikapima urefu kwa futi, na kuangalia pete ya ABS, mfumo unaozuia tairi kukwama ukifunga breki, kwa sababu letu lina ABS. Kwenye gari hili shafti ya kulia ni ndefu kuliko ya kushoto, kwa kuwa giaboksi imekaa upande wa kushoto. Muuzaji alikuwa tayari kunifungia ya kushoto.

Nimelipa shilingi 110,000. Raba mpya pamoja na pakiti ya grisi na mikanda yake, 15,000. Nati mpya ya habu, kitovu cha tairi, nimenunua pia. Ile ya zamani ukingo wake uligongwa uingie kwenye mfereji wa shafti ili isijifungue, na ukishaukunjua chuma kimechoka.

Alhamisi usiku

Raba ya shafti niliyonunua ilikuwa nzima lakini imekakamaa, kwa hiyo nimeibadilisha mezani kabla ya kuifunga garini. Nimekata raba ya zamani, nikagonga kiungo kikatoka kwenye shafti, nikakiosha kwa petroli mpaka chuma kikang'aa. Nikakijaza pakiti nzima ya ile grisi nyeusi yenye molibdeni. Grisi ya kawaida ya beringi za magurudumu sikuitia, hapa si mahali pake.

Binti aliuliza kwa nini kiwe na gololi sita badala ya ule msalaba ulio kwenye shafti ndefu ya lori. Swali zuri. Msalaba ukipinda, upande unaoendeshwa haukimbii kwa mwendo mmoja: ndani ya mzunguko mmoja huharakisha na kupunguza, mara mbili. Kwenye tairi linalokata kona ungeuhisi mtikisiko huo mpaka mikononi. Gololi za sivijointi zimewekwa kwenye mifereji iliyopindwa ili, pembe yoyote utakayokunja, zikae katikati kabisa ya pembe hiyo, na pande zote mbili zizunguke sawa. Alfred Rzeppa, mhandisi wa Ford, alibuni kiungo cha namna hii miaka ya 1920. Gari la Mini la mwaka 1959 lilipokuja na viungo vya aina hiyo, magari madogo yanayovutwa na matairi ya mbele yakaanza kuzagaa duniani. Nilimwonesha kwa kupinda kiungo mkononi, gololi zikitambaa ndani ya grisi. Alikishika muda mrefu kabla ya kunirudishia.

Jumamosi

Kazi yenyewe. Nilianza saa moja asubuhi, upepo haujaamka.

Nati ya habu hufunguliwa gari likiwa chini, tairi limekanyaga ardhi. Nilikuwa nimeinyunyizia dawa ya kutu tangu jana. Nikakunjua ukingo wake kwa tindo nyembamba, nikaweka soketi ya 30. Handibreki juu, gia kwenye P, mawe nyuma ya matairi ya nyuma, na binti amekanyaga breki kwa nguvu zake zote. Mpini wa soketi ukaanza kupinda, nati haijastuka.

Jirani yetu, mzee aliyeendesha malori maisha yake yote, akaja mpaka uani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Usiurukie huo mpini, kijana wangu. Utavunja soketi au goti. Tafuta bomba."

Akaniletea bomba la chuma la kwake. Tukalichomeka kwenye mpini, nikaweka mguu mwishoni na kuegemea taratibu. Nati ikatoa mlio kama bunduki, ikafunguka.

Baada ya hapo gari likapanda jeki, likakalia stendi, na tairi nililolitoa nikalilaza chini ya bodi. Siingii chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake, na hilo sina mjadala nalo na mtu.

Mafundi wengi huachanisha boljointi ya chini, kiungo kinachoshika upande wa tairi kwa chini, kwa uma wa kugonga. Mimi sikutaka, kwa sababu uma huo hupasua raba ya boljointi, na mimi nipo hapa kwa ajili ya raba iliyopasuka. Nilifungua bolti mbili zinazoshika shokapu na nako, chuma kinachobeba habu. Ubaya wa njia hii ni kwamba unaweza kuharibu ukaaji wa tairi, hivyo kabla ya kulegeza nilichora mistari kwa rangi ya kucha ya mama watoto, kwenye shokapu na kwenye nako, ili virudi palepale. Nikafungua kishikio cha paipu ya breki na cha waya wa ABS, nikaifunga nako kwa kamba isiining'inie paipu. Shafti nikaisukuma itoke kwenye habu kwa kugonga kipande cha ubao, nati ya zamani ikiwa imeshikiliwa kwa nyuzi chache kulinda ncha.

Hapo ndipo nilipokosea. Upande wa giaboksi haukutoka, nikavuta shafti kwa mikono miwili. Kiungo cha ndani kikaachana: shafti ikanijia mikononi, bakuli lake likabaki ndani ya giaboksi. Kwa kuwa shafti ilikuwa ya kutupwa, hasara haikuwepo, lakini ingekuwa ile nzuri ningelia. Bakuli hutolewa kwa kubana nondo mbili kati yake na giaboksi na kusukuma kwa mshtuko mfupi, ile klipu ndogo ya ndani iachie. Lilitoka kwa mara ya tatu, na oili ikamwagika kidogo kwenye beseni.

Nikaangalia sili ya oili. Mdomo wake umekuwa mgumu kama plastiki. Sikuwa nimenunua nyingine, na saa ilikuwa imeshakwenda. Upepo wa Agosti nao ulishaanza kusomba vumbi uwanjani. Nikaosha mikono, nikaziba tundu la giaboksi kwa nailoni safi na mpira, juu yake kitambaa. Nikapanda bodaboda kufuata sili, na kazi ikalala hapo.

Jumapili, baada ya ibada

Sili mpya imeingia kwa kugongwa taratibu na bomba pana la plastiki, kuzunguka sawasawa. Nimepaka mdomo wake oili. Klipu mpya ya shafti nimeiweka mwanya ukitazama chini, ikae katikati wakati wa kuingia. Nikaishika shafti ikiwa imenyooka kabisa, meno yasikwaruze sili, nikaisukuma. Ikasema tak. Nikavuta bakuli la ndani kidogo kwa mkono: linacheza milimita chache lakini halitoki. Shokapu ikarudi kwenye mistari ya rangi ya kucha.

Ikabaki nati. Inatakiwa ikazwe kwa nyutonimita 216, na spana ya kupimia nguvu hatuna, wala mzee hana. Kukisia sikutaka. Nati hii ndiyo inayobana beringi ya gurudumu; ikilegea beringi inakufa, na mabaya zaidi yanaweza kutokea barabarani.

Binti akasema, "Baba, si ni momenti tu?"

Akachukua daftari. Nyutonimita 216 ni sawa na kilo 22 zikining'inia mita moja kutoka katikati ya nati. Lita 20 za maji ni kilo 20. Ndoo yetu tupu tuliipima kwenye mizani ya duka la jirani: kilo 1. Bomba la mzee pamoja na mpini wa soketi: kilo 2, na kwa kuwa uzito wake umeenea kutoka nati hadi ncha, akauhesabu kama kilo 1 mwishoni. Jumla 22.

Tulipima sentimita 100 toka katikati ya nati, tukaweka alama kwa rangi ileile ya kucha. Gari chini, breki imekanyagwa na mama watoto, bomba limelala sawa na ardhi. Nikatundika ndoo kwenye alama, taratibu. Bomba likashuka. Nikatoa ndoo, nikarudisha soketi bomba lilale tena, nikatundika. Likashuka kidogo. Mara ya nne ndoo ikaning'inia, bomba likabaki palepale. Mzee alikuwa amesimama mikono nyuma. Akasema, "Huyu mtoto asome." Maji tukayarudisha kwenye pipa, maana Nzuguni maji hayamwagwi.

Nikagonga ukingo wa nati kwenye mfereji, nikakaza nati za tairi. Injini ilipopata moto nikapima ATF, oili ya giaboksi, kwa kijiti, nikaongeza kidogo, T-IV, ileile inayotakiwa na giaboksi hii. Uwanjani nikazunguka kushoto usukani ukiwa umekunjwa mpaka mwisho, madirisha wazi. Nilisikia changarawe tu.

Jumatatu usiku

Nimefungua kiungo cha zamani. Kilichomo si grisi tena, ni tope jekundu lililokauka, kama udongo wa kufyatulia matofali. Nimekiosha mara mbili, na chini ya kikombe bado kulikuwa na mchanga. Mifereji mitatu kati ya sita imechimbika. Ukipitisha ukucha unakwama mahali pamoja, palepale gololi inapokaa ukikunja usukani. Ule mlio wa ka-ka-ka ulikuwa gololi zikidumbukia kwenye mashimo hayo na kutoka. Gololi zenyewe zimepoteza mng'ao, mbili zina magamba. Chuma hiki kilitengenezwa kiishi miaka na miaka, na kimekufa kwa kukosa kifuniko cha mpira cha shilingi 15,000. Nimekiweka kwenye rafu, sitaki kukitupa.

Halafu nimekwenda kuangalia upande wa kushoto. Raba haijapasuka, lakini nikiifungua mikunjo kwa vidole naona nyufa nyembamba kama za kisigino kikavu, na tunatakiwa kwenda Mpwapwa kwa bibi mwezi ujao. Raba ya pili nimeshainunua leo, na safari hii sili pia. Viko mezani pamoja na pakiti ya grisi, vinangoja Jumamosi. Bomba mzee amesema tukae nalo kwanza. Limeegemea ukutani, alama yake ya sentimita 100 bado inang'aa.